Tundu la Kumi

Makoroboi, nyuma ya duka la betri,
Lutandula ananikabidhi koleo.
"Vuta. Usikurupuke."
Waya wa dhahabu unapita tundu la tisa
la kile chuma alichorithi kwa sonara wa zamani,
unatoka mrefu kuliko ulivyoingia,
una joto kama sikio la mtoto mwenye homa.

Jana darasani Bi Nyamizi alichora vijiduara
vimepangwa trei juu ya trei, kama mayai.
Ukivuta waya, alisema, safu huteleza juu ya safu,
wala si safu nzima kwa mpigo.
Nikakumbuka turubai letu la dagaa, Igombe,
lililolowa mvua, zito, halivutiki.
Shangazi alilikunja ukingoni kikunjo kimoja,
akakisukuma kwa magoti mpaka upande wa pili,
na turubai likawa limehama
shubiri moja.

Ndivyo chuma kinavyohama. Kwa vikunjo.

Vikizidi, hugongana, hukwamana,
waya ukawa mkaidi.
Lutandula aliishia darasa la tano.
Anauzungusha kidoleni, anausikiliza:
"Huu umechoka."
Anaulaza motoni hadi uive wekundu,
anauacha upoe, unarudi laini,
umesahau tulivyoutesa.

Sikumwambia yale mengine.
Kwamba ukiupunguza sana,
mpaka upana wa atomu ishirini, thelathini,
kikunjo hakipati pa kukaa.
Waya huo hauna dosari, na ni mgumu ajabu:
unakaza, unakaza, haulegei,
kisha ghafla kiuno kinabonyea
zinabaki atomu chache zimefuatana
mojamoja, kama chekechea wakivuka Barabara ya Kenyatta,
kila mmoja ameshika shati la mwenzake.
Mmoja akiachia, basi.

Nilitaka kumuuliza:
mzee, dosari ndiyo inayotuwezesha kunyumbuka?
Lakini alikuwa anakung'uta aproni juu ya sinia,
chembe kwa chembe, hapotezi hata vumbi,
na mteja wa hereni yuko mlangoni
anaangalia saa.

"Tundu la kumi," anasema.
Napaka nta. Nashika ncha.
Navuta, na ndani ya chuma,
mahali ambapo jicho langu halitafika kamwe,
kitu kidogo sana
kinakubali.