Kipi Si Mwenzao

Jumapili, duka la kufulia, Jackson Heights.
Treni namba saba inapita juu, sarafu zinatetemeka mezani,
nami nakunja mashuka ya watu, dola moja na robo kwa ratili.
Barua zimetoka juzi. Leo hakuna anayezungumzia mvua.

“Tisini na saba,” asema Shahnaz, mkono ndani ya mashine hadi kwapani
akitafuta soksi. “Tisini na saba, na nafasi hakupata!
Mwaka jana kwa tisini na saba wangemchagulia na kiti cha dirishani.”
Bogumila, ambaye mwanawe ana tisini na tisa
(tumeshaambiwa, tukaambiwa tena),
asema mtihani ni mtihani, namba haina mjomba.
“Mjomba haina. Ina mwalimu wa Jumamosi,” Dolkar amjibu,
“dola themanini kwa saa. Hicho ni kipaji
au ni risiti?”

Mashine ya kumi na moja inaanza kukamua kwa hasira.
Bwana Quizhpe, mpaka rangi, auliza taratibu
kama ni kweli mtihani wenyewe hufanywa na mtoto wa miaka minne
ambaye bado anaogopa choo cha shule.
Ni kweli.
Anacheka, kisha hamwoni wa kucheka naye.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Hawa wameleta mizani.
Wanapima unywele mmoja mmoja.

“Ukiingiza kila mtu, uji unakuwa maji,” asema Bogumila.
“Kwani wetu ndio maji?” Shahnaz amesimama sasa,
soksi imepatikana, anaielekeza kama bakora.
Dolkar asema yafutwe yote, madarasa hayo yafungwe,
watoto wote wakae chumba kimoja wagawane kalamu.
Mwanawe mkubwa yumo humo mwaka wa tatu.
Hakuna anayemkumbusha.

Halafu wananigeukia mimi. “Na Widline je, Mama Widline?”
Nasema barua haijafika.
Barua imo mfukoni mwa aproni tangu Alhamisi,
imelowa mvuke, imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.
Sitini na mbili.

Jioni ile nilimuuliza nikimsuka: walikuuliza nini?
Picha, akasema. Kikombe, sahani, kijiko, mwavuli.
Kipi si mwenzao.
Ukasema?
Sahani.
Kwa nini sahani, mwanangu?
Kwa sababu sahani ya Bibi ilivunjika ukalia,
na vile vingine bado tunavyo.

Kitana kilinisimama mkononi.
Ile ya maua ya buluu, iliyotoka Jeremie
imefungwa ndani ya gauni langu la kwanza la kanisani.
Nilidhani alikuwa amelala.

Sisemi kwamba amepata. Mwavuli ni mwavuli, hata mimi naujua.
Msahihishaji hakuwepo kwetu siku ile, angejuaje?
Nasema tu mtoto hakubahatisha.
Lakini mambo hayo huwezi kuyasema mbele ya tisini na tisa,
kwa hiyo nilikunja foronya ya mtu, pembe kwa pembe,
nikaikunjua, nikaikunja tena.

Themanini gawanya kwa moja na robo:
ratili sitini na nne za nguo kwa saa moja ya Jumamosi.
Nilipiga kwa kichwa. Hakuna aliyenitunuku.

Walipoanza kubeba vikapu, bado wakigombana hadi mlangoni
kuhusu nani aandikiwe na kwa maneno gani,
nilimvuta Dolkar kando, pale kwenye mashine ya kuuza sabuni,
nikamwomba, kwa sauti ya chini, namba ya yule mwalimu.

Hakutafuta kwenye simu.
Alikuwa nayo kichwani.