Daftari la Mililita

Baba alikuwa karani wa maziwa, Mau Summit,
miaka thelathini na mmoja kwenye baridi ya alfajiri,
kalamu imefungwa kwa uzi kwenye kifungo cha koti.
Kikombe kimoja cha maji ndani ya mkebe wa lita hamsini
alikijua kabla kipimo hakijaelea.
"Ng'ombe wako amenyeshewa?" angeuliza,
akaurudisha mkebe mzima,
hata ukiwa wa shemeji yake.

Sasa yuko Nakuru, ghorofa ya tatu,
kifua kimefungwa kwa waya kama lango la shamba,
mshipa wa mguu umehamia moyoni
bila kuaga.
Kando ya kitanda unaning'inia mfuko.
Kila saa muuguzi Andisi hupiga magoti,
husoma mstari, huandika.
Saa nane, ishirini na tano.
Saa tisa, kumi na nane.
Saa kumi, kumi na moja.
Mililita.
Kwa mtu ambaye hakuwahi kupokea chini ya lita.

Moyo unapiga vizuri, wanasema.
Moyo, moyo. Lugha yote tumeupa moyo:
tunapiga moyo konde, tunakufa moyo,
tuna moyo mkunjufu, moyo wa jiwe.
Nani amewahi kuimbiwa kwamba figo zinamtamani?
Zimekaa mgongoni, gizani,
zinaosha vyombo vya karamu zisiyoalikwa.
Na siku ile mashine ilipopiga badala ya moyo,
saa mbili na dakika kumi,
sijui nani alikwenda jikoni
kuuliza kama maji yanafika.

Halafu kuna kidonge.
Statini. Cheupe, kama punje ya mahindi iliyokobolewa.
Miaka sita amekimeza usiku, baada ya habari,
kwa ajili ya mafuta ya damu.
Wiki moja kabla ya kisu, mimi, bintiye msomi,
nilisikia kwamba kikizidishwa hulinda na figo.
Nikamwendea daktari Wafubwa mbiombio,
kama mtu aliyeokota dhahabu mtaroni.
"Tumpe viwili. Tumpe vinne."

Hakunicheka. Alivua miwani.
"Hata sisi tulitumaini hivyo," akasema.
"Kwa mbali ilionekana hivyo.
Kisha watu wakapima sawasawa,
hawa kidonge, wale chaki tupu,
na figo hazikutambua tofauti.
Pengine, kwa baadhi yao, ziliumia zaidi.
Mzee ataendelea na chake kile kile, kimoja.
Hicho ni cha mishipa ya moyo.
Figo tutazichunga kwa kuzitazama."

Nililichukia jibu lile.
Nilitaka dawa, nikapewa macho.

Usiku wa pili kreatinini imepanda.
Andisi anaandika kwenye chati.
Mimi naandika nyuma ya risiti ya maegesho,
sijui kwa nini.
Baba anafumbua jicho moja:
"Leo zimeingia ngapi?"

Ningeweza kusema thelathini.
Ulimi ulikuwa umeshaielekea thelathini.
Nikaukumbuka mkebe wa mjomba
ukirudi nyumbani juu ya punda, umejaa.
"Tisa," nikasema.
"Kidogo," akasema. "Ni kiangazi."
Akalala.

Kulipopambazuka, vumbi likiwa bado halijaamka,
malori ya maziwa yakishuka barabara kuu,
Andisi alipiga magoti, akakawia.
Akaugeuza mfuko kuelekea dirishani.
"Arobaini na mbili."
Nikamwambia asome tena.
Akasoma tena.

Jioni wakamletea kidonge chake
ndani ya kifuniko cha plastiki.
Akakigeuza kwa kidole, karani yule yule.
"Hiki ndicho kilichozileta zile arobaini?"
"Hapana, baba. Hiki ni cha mafuta tu."
"Basi usikiandikie.
Andika jina la aliyeleta."

Nikatafuta nafasi kwenye risiti.