Shubiri Moja Kulia

Ubao wa chama uko ushorobani, kituo cha zimamoto,
kati ya mlango wa choo na dirisha linalotazama mlima.
Mimi ndiye karani. Miaka kumi na minne nimebandika
na sikuwahi kubandua.
Karatasi juu ya karatasi, kama magamba ya samaki:
mzinga unauzwa, paka amepotea,
mkutano wa mwaka ambao nusu ya waliohudhuria
tumeshawazika.

Mwaka jana, Mei, daktari wa mifugo alituletea onyo:
ugonjwa unaoozesha majana umefika ng'ambo ya mto,
chomeni fremu, msihamishe mizinga.
Nilikosa nafasi. Nikalibana chini kabisa,
nyuma ya mtu anayeuza skii za mtoto.

Drejc alihamisha mizinga siku ya tatu.

Juni tulisimama kando ya shimo lake
tukitazama ishirini na miwili ikiungua,
na mbao za mbele alizozichora bibi yake,
wanyama wanamzika mwindaji, dubu kabeba msalaba,
nta ikilia chaa, chaa.
Hakunilaumu. Alisema tu:
"Nilipita pale. Nilisimama, nikasoma.
Majana yangu yanaoza, nami nasoma ya jana."

Kikao kilikuwa kirefu kuliko mahubiri ya Kwaresima.
Mmoja alitaka rangi: nyekundu kwa maradhi, kijani kwa biashara.
Mwingine alitaka ubao wa pili.
Wa tatu, ubao wa kueleza usome ubao upi.
Mzee Lojz akasema karatasi yake isiguswe,
ina miaka kumi na mmoja pale, kila mtu anajua ilipo.
"Ndiyo maana hakuna anayeisoma," akajibu Neža,
miaka kumi na tisa, mizinga mitatu,
mikono imevimba bado.
Akainuka, akaupima ubao kwa mkono,
dole gumba hadi kidole cha mwisho:
shubiri kumi na moja.
"Jipya likae hapa, kushoto, usawa wa macho,
mtu akifungua mlango limpige usoni.
Kila Jumamosi yote yasogee shubiri moja kulia.
Likifika dirishani, limekwisha."
Akaketi. Nani angebishana na mkono?

Imefaa, nisiseme uongo.
Watu huingia, hutupa jicho, hutoka wanajua:
akasia imechanua bondeni, sukari imefika ghalani.
Drejc amenunua makundi matano.
Lojz kanuna hadi Krismasi, kisha akaandika karatasi mpya
yenye maneno yale yale.

Hili lingine hakuna aliyenionya.

*Nauza mashine ya kukamulia asali, fremu nne.
Gonga mlango, simu siisikii. Ignac.*
Herufi zimeinama mbele kama mtu apandaye mlima.
Alifariki karatasi ikiwa shubiri ya tatu.
Mashine ilinunuliwa na mpwa wake, haiuzwi tena,
ningeweza kuibandua siku ile ile.

Pavla huja Jumamosi, eti kuulizia sukari.
Husimama mbele ya mwandiko, mkoba kifuani.
Kila wiki husimama hatua moja karibu zaidi na dirisha.
Hatujazungumza juu ya hilo. Huaga, huenda.

Leo Ignac yuko shubiri ya mwisho.
Na mvulana kaja mbio, kaniachia kipande cha daftari:
kundi limetoroka, linaning'inia mpea wa nyuma ya kanisa,
anayelitaka awahi kabla ya jioni.
Nyuki hawamngoji mtu.

Basi nasogeza. Moja baada ya moja,
kila pini inatoka na vumbi la mti,
kushoto kunafunguka kama mlango.
Nakibandika kipande cha daftari, usawa wa macho.
Nabaki na karatasi moja mkononi, na fremu ya dirisha,
na hatua za Pavla ngazini.

Mkono wangu una vidole vifupi, tangu utoto.
Neža alisema shubiri.
Hakusema ya nani.