Shindano

Nsimire aliomba shindano.
Ukumbi mzima wa kanisa, hapa Nyalenda,
ukaangua kicheko:
"Shindano gani tena, mama, na nani?"
Akainua uzi, akatoboa hewa kwa kidole,
na Aoko, mtunza cherehani nne za chama,
akachomoa sindano kwenye kilemba chake.

Kumbe kwao Bukavu ndivyo isemwavyo.
Aoko akalionja neno. Likamkwaza ulimi.

Cherehani ya tatu hukata uzi kila mvua ikinyesha.
Ndiyo aliyopewa Nyandeng wa Bor.
Huikanyaga kwa mguu mmoja,
ule mwingine ulichoka njiani, haujasema zaidi.
Kola yake ya kwanza ilitoka imepinda
kama mdomo wa mtoto aliyekatazwa kulia.
"Fumua," akasema Aoko. "Kufumua si aibu."
Alifumua mara sita.

Leo mashati arobaini ya shule yamekunjwa mezani,
ya kijani, vifungo vitano vitano.
Nsimire anayahesabu kwa sauti.
Moja halina kifungo cha shingoni.
Aoko anavaa miwani, ananyoosha mkono,
wala hajisikii anavyosema:
"Nyandeng, hebu nipe hiyo shindano."

Hakuna aliyecheka.