Uzi Usio na Jina

Jedwali lilikuwa na safu elfu tisa
na halikujua nani ni jirani wa nani.
Nikalivunja. Kila koki nikaifanya fundo,
kila bomba uzi, na juu ya uzi nikaandika:
inchi nne, chuma, mwaka haujulikani.

Kisha nikaiuliza mashine:
nikifunga koki ya Makadara, nani atalala na kiu?
Ikajibu hapo hapo: nyumba kumi na saba, na kinyozi.

Mbwarali akashuka shimoni na spana, akafunga.
Simu ikalia kutoka Kibokoni,
upande ambao katika mchoro wangu
haugusani na Makadara popote:
Bi Zuhra Shekue ana sabuni machoni,
mfereji wake umekohoa mara mbili, ukanyamaza.

Maji hufuata mkondo. Basi mkondo upo,
ila sisi hatunao.

Tulichimba nyuma ya duka la haluwa.
Bomba la plastiki, kiungo kimekazwa kwa mpira wa baiskeli,
kazi ya usiku, safi, ya mtu ajuaye kipimo.
Mbwarali hakulitazama. Alifuta mikono
kidole kimoja kimoja.
"Mwaka ule wa ukame," akasema,
"mtaa ule ulikuwa na wagonjwa."

Jioni nikauchora uzi,
kutoka fundo la Makadara hadi fundo la Kibokoni:
nusu inchi, plastiki, unapitisha maji.
Penye *aliyeunganisha* kishale kikawa kinapepesa, kinangoja.
Nikapaacha wazi,
nikabonyeza hifadhi. Ikapokea.