Kubonyeza Pole

Novemba, Poznań, mvua isiyoamua kunyesha.
Baba ameninunulia mkate wa mbegu za popi
akala nusu yake yeye mwenyewe, pale ngazini pa makumbusho,
makombo yakimdondokea kwenye skafu.
Walenty, fundi wa piano miaka arobaini na mitatu:
sikio la kulia limekufa,
la kushoto limebakiwa na sauti nene tu,
malori, ngurumo, na mimi nikikasirika.

Ghorofa ya kwanza, fidla zimetundikwa nyuma ya vioo
kama kuku waliokwisha nyonyolewa.
Wageni wanasoma vibao. Baba hasomi.
Anainama, pua nusura iguse kioo, ananionyesha:
hapa rangi imelika, ndipo kidevu kilipokaa,
bwana huyu alikuwa na ndevu ngumu.
Kwenye filimbi ile, tundu la tatu limepanuka,
wimbo alioupenda ulikuwa na njia yake hapo.
Zumari hii iling'atwa. Mwanafunzi.
Alimwogopa mwalimu.

"Na aliyeitengeneza?" nauliza.
"Huyo ameandikwa," anasema.
"Mimi natafuta wapigaji."

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hizi hazikupasuka.
Zimepimiwa unyevu wa hewa, zimekingwa jua,
zimenyamaza zikiwa na afya njema.

Chumba cha mwisho: piano ya mraba,
vibonye vyake vya manjano, vya pembe
za ndovu aliyeanguka mbali sana na theluji yetu,
vimebonyea katikati kama ngazi za kanisa.
USIGUSE, kwa lugha nne.
Bi Bogna, mlinzi, anafuma soksi kitini mwake.

Nikaona kidole cha baba kinashuka.
Nikaibana pumzi.
Lakini kilishuka pole,
pole kama mtu anayefunga mlango
wa chumba alimolala mtoto msumbufu.
Mafundi wanajua: ukibonyeza hivyo
nyundo huinuka, husogea hadi jirani na waya,
kisha hurudi bila kugonga.
Hakuna aliyesikia. Hapakuwa na cha kusikia.
Baba alikuwa amefumba macho.

Sindano za Bi Bogna zikasimama.
Akamtazama baba, akaitazama kamera darini,
akauliza jambo kwa sauti ndogo sana,
nami ikanibidi nilirudie kwenye sikio la kushoto,
kwa kelele, watalii wote wakageuka:

"ANAULIZA, BADO NI NZIMA?"

Baba akafikiri.
"Ngozi ya nyundo imekauka. Kuna nondo humo ndani.
Lakini inarudi.
Mwambie inarudi."

Bi Bogna alikuwa amekwisha sikia.
Akaanza kuhesabu mishono yake upya,
midomo ikicheza.

Nje, tramu ilikata kona ya uwanja,
chuma juu ya chuma, ukelele wa kuchana meno.
Niliziba masikio. Njiwa wakaruka.
Baba aliendelea kutembea, mkono mfukoni,
na kitambaa cha koti lake kuukuu
kikitutumka na kutulia, kikitutumka na kutulia,
kidole kimoja tu,
taratibu.