Ukurasa wa Mwenye Bomba

Nauza vocha Kitangari, jirani na mashine ya kukoboa:
meza moja, mwavuli uliopauka,
daftari la madeni lenye twiga kwenye jalada.

Jumanne ile Somoe Nampembe alikuja na tope hadi magotini.
"Nipe ya mia tano. Bomba limepasuka kule bondeni,
maji yanaruka juu kama yana sherehe."
Huku kwetu juu maji hayachezewi.
Ndoo ya kununua ni mia tano,
na mtu akikunawisha mikono mara mbili
jua amekuheshimu.

Akakwangua kwa ukucha, akazisoma tarakimu kwa sauti
kama anayehesabu kuku jioni.
Akapiga.

*Kulipa ankara, bonyeza moja.
Kujua deni lako, bonyeza mbili.*
Deni lake analijua.
*Huduma nyinginezo, bonyeza tisa.*
Akabonyeza tisa, kinanda kikaanza,
kinanda kitamu, cha harusi ya watu wengine,
na katikati yake sauti ya binti aliyelala vizuri:
*Simu yako ni muhimu kwetu.*
"Kama ni muhimu," Somoe akamwambia, "ilipie."

Mia tano ikaisha kabla ya kinanda.

Akanunua nyingine.
Nami kwa kila vocha nina chengachenga zangu,
sitasema ngapi. Nitasema tu
subira yake siku ile ilininunulia kiberiti.

Safari hii ikapokelewa. Mtu! Mtu mwenye kikohozi!
"Mama, unapiga kutoka wapi?"
"Kitangari."
"Kitangari ya wapi?"
"Ipo moja."
"Namba ya mita?"
"Bomba la barabarani, baba, halina mita, lina tundu."
"Bila namba ya mita mfumo haufunguki.
Subiri nikuunganishe na..."
Tii. Tii. Tii.
Hadi leo hatujui angemuunganisha na nani.

Somoe akaitazama simu, upande huu, upande ule.
"Nimemimina ndoo mbili," akasema,
"ndoo mbili nzima katika sikio lile,
na halijalowa."

Bondeni watoto walishaacha madaftari, wanaoga.
Mbuzi wa Mchopa wanakunywa katikati ya barabara.

"Niandikie ya tatu, ya mkopo."
Nikafungua daftari, nikaandika S.
Akaweka kidole juu ya kalamu.
"Si jina langu hilo.
Bomba si langu, yale maji si yangu.
Anayepiga ni mwenye bomba, mimi nimemshikia tu simu.
Andika Serikali."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
S ikabaki palepale, nikaiendeleza:
*Serikali, mia tano, Jumanne.*
Na penye sahihi, kwa mwandiko wake wa ngumbaru,
herufi zikipanda na kushuka kilima,
akaandika: *kwa niaba*.

Fundi alikuja Ijumaa, kwa pikipiki.
Hakutumwa na simu.
Alikuwa anakwenda msibani Mahuta,
akaona barabara imelowa na mvua haijanyesha.

Tangu hapo ukurasa ule umejaa.
Mzee Likapa, mara nne: salfa ya mikorosho
imesajiliwa kwa jina la kaka yake marehemu.
Bi Asumini, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu,
mjukuu ambaye sasa anatambaa hadi mezani pangu.
Mwalimu Chilumba, uhamisho, kiasi hataki kisomwe.
Wengine huja kunilipa usiku, kimyakimya,
wakimwonea haya mwenye deni.

Somoe hajalipa, nami simdai.
Juzi alipita na ndoo kichwani,
akauliza bila kugeuza shingo:
"Amekuja?"
"Bado."
"Akija," akasema, na maji hayakutikisika,
"usimpe vocha mpya kabla hajamaliza la zamani."